Binti yangu anasoma biashara chuo kikuu Mbeya: nitazijuaje fursa zake kabla hazijapita?

SWALI

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa chai na ndizi hapa Tukuyu. Binti yangu wa pili yuko mwaka wa pili, anasoma shahada ya usimamizi wa biashara katika chuo kimoja Mbeya mjini. Mwaka jana mwezi wa sita nilikutana na mama mwenzangu kanisani, akaniambia mwanawe amepata nafasi ya mafunzo benki wakati wa likizo, na kwamba tangazo lilibandikwa hata kwenye chuo cha binti yangu. Nilipomuuliza binti akasema, "Niliona mama, ila muda ulikuwa umepita." Niliumia sana. Nalipa ada, kila mwezi napeleka ndizi na maharage, lakini chuo hakijawahi kunijulisha lolote zaidi ya deni. Je, mzazi hana haki ya kujulishwa fursa zilizopo? Nifanyeje nisipitwe tena? Nimefikiria pia kwenda chuoni kuonana na mkuu wake, nimbebee na mkungu wa ndizi. Nishauri.

JIBU

Ndaga, mama. Nimekaa kwenye kiti cha kuratibu mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa biashara kwa miaka 14, sehemu kubwa hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo barua kama yako nimezipokea kwa mdomo mara nyingi, mzazi amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nianze na lile la haki, maana ni fupi na halitakufurahisha. Kwa sheria zetu mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Binti yako ameshavuka hapo. Chuo kimepatana na yeye, si na wewe, hata kama jina lililoandikwa kwenye risiti ya benki ni lako. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ofisa anayekusomea kwa simu matokeo ya mwanafunzi bila ridhaa ya mwenyewe anajitia matatani. Kwa hiyo siku ukipiga simu ukajibiwa "mama, muulize mwenyewe," usione umedharauliwa.

Tangazo la fursa ni habari nyingine. Lile si siri ya mtu, liko ukutani. Hakuna sheria inayokikataza chuo kukwambia. Ila vyuo vingi havina utaratibu wa kufanya hivyo, na nikisema kweli, vilivyojaribu vimejaribu vibaya. Chuo kimoja nilichofanyia kazi kilikusanya namba za wazazi kwenye fomu za kujiunga, kikawatumia ujumbe kuwakumbusha kwamba siku za kujiandikisha kwa ajili ya fildi, yaani hayo mafunzo kwa vitendo, zinaisha. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, mstari mmoja na nusu, umejaa vifupisho. Kesho yake simu hazikupumzika. Wazazi wengi walidhani wanadaiwa. Baba mmoja wa Makete alipanda gari alfajiri, saa tano akawa ofisini kwangu na koti lake zito, akatoa bahasha mfuko wa ndani, akaiweka mezani polepole: "Mwalimu, nimeleta ile pesa ya IPT." Hakukuwa na pesa yoyote ya kulipa. IPT ndiyo hiyo fildi yenyewe.

Mwaka uliofuata tuliacha ujumbe wa simu tukaandika karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja tu, tukawapa wanafunzi waende nayo likizo ya Krismasi. Haikuwa na tangazo hata moja. Ilikuwa na miezi. Nitakwambia yaliyokuwamo, ila kwanza nikae kidogo kwenye maneno ya binti yako.

"Niliona, ila muda ulikuwa umepita." Hayo nimeyasikia kwa wanafunzi zaidi ya mia, na nilipojifunza kunyamaza kidogo baada ya kuyasikia, mengine yalifuata. Mwanafunzi mmoja kutoka Kyela aliniambia: tangazo la benki aliliona likiwa na siku 12 mbele yake. Akachukua kalamu akapiga hesabu. Nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili. Picha za paspoti. Nauli ya kwenda kwenye usaili, na usaili wenyewe haukuwa Mbeya. Shati mbili za ofisini na viatu, maana raba za chuoni haziingii benki. Na kubwa kuliko yote, wiki nane za chumba na chakula kwenye mji asiokuwa na ndugu, kwa kazi isiyo na malipo, kwa sababu fildi zetu nyingi hazilipi hata nauli. Akajumlisha, akakumbuka kwamba nyumbani mpunga ulikuwa bado haujavunwa na mdogo wake anadaiwa ada. Akakunja karatasi. Hakumwambia mama yake kwa sababu alijua mama angekopa.

Sisemi binti yako ni hivyo hivyo. Pengine kweli alizubaa; wapo wanaozubaa, na simu zile zinawala muda. Lakini kabla hujamhesabia uzembe, jiulize kama anajua nyumbani pesa inaingia lini. Wazazi wengi tunawaambia watoto mambo mawili tu kuhusu pesa: "ipo" au "hakuna." Hatuwaambii kwamba chai inalipwa mwisho wa mwezi, ndizi zinauzwa kila wiki, parachichi zina msimu wake, na kwamba jambo la Julai likijulikana Machi linawezekana, likijulikana Julai haliwezekani. Mtoto asiyejua hayo anajikatia mwenyewe, kimya kimya, na wewe unakuja kusikia kanisani.

Kwa hiyo usitafute matangazo, mama. Huwezi kushindana na mbao za matangazo na makundi ya WhatsApp ya darasa ukiwa shambani. Tafuta kalenda, uiweke kando ya kalenda ya shamba lako. Chukua kaunta buku, chora mstari katikati ya ukurasa, kushoto miezi ya chuo, kulia miezi ya pesa yako.

Upande wa kushoto, vyuo hutofautiana kwa wiki kadhaa, ila sura yake ndiyo hii, na ndiyo iliyokuwa kwenye ile karatasi yetu. Mwaka unafunguliwa Oktoba au Novemba. Mitihani ya nusu ya kwanza inaangukia Februari au mwanzoni mwa Machi. Ya pili Juni hadi Julai. Fildi huanza Julai na kumalizika Septemba, mara nyingi wiki nane. Yote hayo yamo kwenye almanaki ya chuo, na almanaki si siri; mwambie akupigie picha ukurasa wake akutumie. Lakini tarehe inayokuhusu wewe haimo humo. Ni ile ya barua za utambulisho, zile ambazo chuo humpa mwanafunzi akaombe nafasi. Zikitoka Januari au Februari, mwenye macho anapeleka Februari. Taasisi kubwa, kama TRA ya kodi, mabenki na mashirika ya umma, zinajaa mapema, na anayefika Juni anaambiwa tumeshafunga. Hapo ndipo "muda ulikuwa umepita" huwa kweli.

Sasa nikwambie ambalo wazazi hawalitarajii. Kwenye fildi, mara nyingi mwenye taarifa ni wewe, chuo ndicho hakina. Wanafunzi wa biashara Mbeya wote wanaangalia majengo yale yale ya vioo. Wanasahau kwamba viwanda vya chai vya Rungwe vina vitabu vya mizani, vina stoo, vina malipo ya wakulima mamia kwa mamia kila mwezi. Vyama vya ushirika vya kahawa Mbozi, mashine za mpunga Mbarali, maghala ya parachichi, SACCOS zile za kuweka na kukopa, halmashauri ya wilaya yenyewe, viwanda vya Iyunga, mawakala wa forodha Tunduma ambako kituo cha pamoja na Nakonde ya Zambia kilizinduliwa mwaka 2019. Ukienda upande wa Iringa, Mafinga kuna benki ya wananchi, MUCOBA, iliyoanza kwa mtaji wa kijamii na hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2016. Wewe unamjua katibu wa AMCOS yenu, chama chenu cha ushirika cha wakulima. Unajua karani wa mizani anazidiwa mwezi gani. Mratibu wa fildi pale chuoni hajui hata moja kati ya hayo, na hana sababu ya kulijua mpaka mwanafunzi amletee.

Nikuoneshe kwa nini nasisitiza. Nina nakala ya ukurasa mmoja wa logibuku, kile kitabu ambacho mwanafunzi wa fildi huandika kila siku alichofanya. Ni wa binti aliyekwenda chama cha ushirika cha kahawa, na alikwenda akinung'unika kwa sababu wenzake wawili walipata benki. Wale wa benki, nilipokwenda kuwakagua, mmoja alikuwa akipanga fomu za kufungulia akaunti kwenye mafaili, mwingine akiwaelekeza wateja pa kukaa. Huyu wa kahawa wiki ya tatu alipewa kulinganisha stakabadhi za wakulima na kitabu cha mizani. Jumla hazikukubaliana, tofauti ikawa kilo 9. Karani akamwambia aache, kilo tisa si kitu. Yeye akakumbuka jambo la darasani: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, angalia kama kuna tarakimu mbili zilizopinduliwa. Akarudi mstari kwa mstari mpaka akaikuta: stakabadhi ya mkulima imeandikwa kilo 43, kitabuni 34. Mzee wa watu alikuwa anapoteza kilo tisa za kahawa. Kwenye logibuku ameandika sentensi mbili tu, kwa wino wa bluu, na pembeni msimamizi wake akasaini akaongeza neno "Vizuri." Alipomaliza chuo akaulizwa kwenye usaili aeleze siku aliyogundua kosa. Wenzake walieleza vitabu. Yeye alieleza kilo tisa.

Kwa hiyo wiki hii hii kamuulize katibu wenu kama wanaweza kumpokea mwanafunzi kuanzia Julai, na nani atamsimamia. Usimwombe kazi, mwombe mafunzo. Jibu likiwa ndiyo, binti alipeleke kwa mratibu ili lipitishwe, kwa sababu chuo lazima kiridhike kwamba kazi atakazofanya zinaendana na kozi yake na kuna mtu wa kumsainia. Hesabu yake ya chumba na chakula itashuka mara moja, maana atalala kwako. Bado akitaka benki aombe na benki. Kuomba sehemu tatu si kosa.

Agosti ina jambo dogo la ziada. Maonesho ya Nane Nane kwenye uwanja wa John Mwakangale pale Mbeya huleta makampuni, mabenki na taasisi za serikali mahali pamoja, na mabanda mengi huhitaji vijana wa kusimama mbele, kuandikisha wateja, kueleza bidhaa. Fedha yake ni kidogo. Faida ni kwamba mwanafunzi anazungumza ana kwa ana na meneja ambaye siku nyingine angezuiwa getini.

Kuhusu bodi za kitaaluma nitapita haraka, kwa kuwa inategemea njia atakayoichukua. Akielemea uhasibu, kuna NBAA, na mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Shahada ya uhasibu humwezesha kuanzia juu zaidi kuliko aliyemaliza kidato cha sita. Akielemea ununuzi na ugavi kuna PSPTB, ambayo bila usajili wake mtu hawezi kufanya kazi hiyo kwa halali. Unachotakiwa kujua wewe ni kwamba kujisajili na mitihani kuna ada, na siku ya mwisho ya kulipa huja miezi kadhaa kabla ya mtihani wenyewe. Akisema "nataka kukaa Novemba," pesa haisubiri Novemba. Andika kulia kwenye kaunta buku lako. Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo limekuwa likiendesha shindano la uwekezaji kwa wanafunzi wa vyuo, wanacheza kwa fedha za kubuni. Hilo halihitaji senti yako, linahitaji tu asiwe mvivu.

Na kwa kuwa utaulizwa au utasikia: ufadhili unaoitwa Samia Scholarship umelenga masomo ya sayansi. Usimlaumu binti kwa kutoupata. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, huo kila mwaka dirisha lake hufunguliwa katikati ya mwaka, na mwanafunzi anayeendelea ambaye hakupata mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuomba tena. Wazazi wengi hudhani mlango umefungwa moja kwa moja. Mkumbushe pia kwamba ni mkopo: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka uishe.

Sasa lile ambalo mzazi ndiye mwenye ufunguo wake, na ambalo limewakosesha vijana kazi kuliko ukosefu wa taarifa: majina.

Fungua sanduku. Toa cheti cha kuzaliwa cha binti, cha ubatizo kama mlikitumia, cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha sita, na namba yake ya NIDA. Vipange kitandani, soma jina herufi kwa herufi. Sisi watu wa huku tuna tatizo letu la R na L, tusifichane. Nimekutana na msichana aliyekuwa Subila kwenye cheti cha kuzaliwa na Subira kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa sababu karani mmoja aliandika alivyosikia na mwalimu akaandika alivyoona ni sahihi. Kijijini ni mtu yule yule, kwenye mfumo wa ajira ni watu wawili. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayoajiri kwa niaba ya taasisi za serikali, huwataka wanaokwenda kwenye usaili wenye majina yanayotofautiana waje na hati ya kisheria ya kubadili jina. Hati hiyo inaandaliwa na wakili na kusajiliwa, haipatikani kwa siku moja, na tangazo la usaili halikusubiri. Bodi ya Mikopo nayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kama binti hana cheti cha kuzaliwa kabisa, na wapo wengi wa umri wake ambao hawana, anza mwezi huu.

Huyo Subila, nikumalizie, alikosa usaili mmoja kwa ajili hiyo. Mama yake alinipigia akilia, akisema chuo hakikumwambia. Nilitafuta jibu la upole nikakosa, kwa sababu cheti kilikuwa kabatini kwake miaka 22.

Akishahitimu kuna milango miwili ya serikali unayopaswa kuijua kwa jina. Mmoja ni hiyo Sekretarieti, ambako mtu hufungua akaunti mtandaoni na kuomba bila kulipa chochote. Mwingine ni TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ambacho miongoni mwa kazi zake huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu kazini. Huko watamdai vyeti kamili, si matokeo yaliyochapwa kwenye tovuti. Vyeti vikichelewa kutoka kwa sababu ya deni la ada la laki moja na nusu, na nimeyaona hayo, basi fursa imezibwa na laki moja na nusu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi kwa utaratibu mpya. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ndiye wa kumuuliza, na usiulize kwa ajili ya binti peke yake. Wewe pia ni mwanamke mkulima.

Kuna upande mchafu wa fursa ambao mzazi anaweza kuuziba kuliko chuo. Wanafunzi wa biashara wanawindwa. Wanaitwa "maofisa masoko," wanaahidiwa mshahara ambao hata mwalimu wao haupati. Mama mmoja alitumiwa ujumbe na mwanawe: amepata kazi mji mwingine, inatakiwa shilingi 150,000 ya sare na mafunzo. Akauza debe za mahindi akatuma. Kijana alikuta nyumba yenye vijana kumi na kitu wanalala chini, hakuna ofisi, hakuna bidhaa anayoweza kuieleza, kazi yenyewe ni kuwapigia simu marafiki nao waje walipe. Alikaa miezi miwili kwa sababu aliona aibu kurudi. Ukiambiwa "mama nimepata," furahi, halafu uliza maswali matatu kwa sauti ile ile ya furaha: ofisi iko mtaa gani, nani atasaini barua yako, mratibu wenu anaifahamu? Na ukisikia neno la kulipa ili upate kazi, usitume. Acha akukasirikie wiki nzima.

Tuje kwenye simu zenu. Najua zinavyokwenda: "Vipi masomo?" "Safi tu mama." "Umekula?" "Nimekula." Hapo hakuna taarifa iliyopita, isipokuwa kwamba wote mko hai. Badilisha swali liwe na mwezi ndani yake. "Barua za fildi zinatoka lini?" "Umepanga kupeleka wapi na wapi?" "Ukipata cha mbali kuliko vyote, itahitajika shilingi ngapi, na kabla ya tarehe ngapi?" Kisha, na hili ndilo wengi wetu linatushinda, mpe na wewe taarifa yako: "Mwisho wa mwezi wa tatu nategemea malipo ya majani, nitaweza kukutengea kiasi fulani. Mwezi wa tano siwezi, namlipia mdogo wako." Mtoto akishazoea kusikia tarakimu za nyumbani, ataanza kukuletea zake. Usitegemee simu ya kwanza. Ya kwanza atadhani umeambiwa jambo baya juu yake.

Na usimpigie kila akionekana amepost jambo, wala usimtaje yule kijana wa mama mwenzako. Ukimtaja mara moja tu, umepoteza mwaka.

Kuhusu kwenda chuoni: nenda, ila nenda naye, si kwa kumvizia. Kutoka Tukuyu ni kama kilomita 70, ukitoka asubuhi unarudi jioni. Mwende Januari au mwanzoni mwa Februari, kabla ya mitihani, siku isiyo Jumatatu. Huna haja ya kuonana na mkuu wa chuo. Mkuu hajui fildi inaandikishwa mlango upi. Muulizeni Mlezi wa Wanafunzi, kisha mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa kitivo chao. Mwache binti ndiye aongee. Wewe omba mambo mawili: almanaki ya mwaka huu, na tarehe ya barua. Kama binti ameridhia, waombe wamwandikie kwenye faili lake kwamba mama yake anaweza kuelezwa masuala ya fildi. Kwa maandishi yake na saini yake, lile zuio nililokutajia mwanzo linaondoka. Wakikwambia chuo kina siku ya ajira, ile ambayo waajiri huja kuzungumza na wanafunzi, uliza kama wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma. Mimi nilikuwa nawaruhusu, na maswali mazuri ya siku ile, kuhusu mkataba na kuhusu makazi, mara nyingi yaliulizwa na wazazi.

Ila ule mkungu usiupeleke ofisini. Nasema hivi kwa shida, maana ndizi za Tukuyu nazijua. Mratibu akishaupokea, barua ya binti yako ikitoka mapema wenzake watasema ni ndizi, na ikichelewa wewe utasema hukubeba za kutosha. Shusha kwanza bwenini, wale na wenzake wa chumbani. Ndio watakaomwambia siku tangazo likibandikwa.